SOMENI NAMBA KABLA YA KUNUNUA MSHIPI

Leo tuzungumze juu ya kuvua kwa mshipi ukiwa umesimama ufukweni.

Nilipoanza kuvua, nilinunua mshipi mwembamba kwa sababu ya bei ndogo. Changu alipovuta, mshipi ulinikata kidole, kisha ukakatika. Samaki akaenda na ndoana yangu. Kosa lilikuwa langu. Nilijua kusoma, lakini sikusoma!

Kumbe kwenye karatasi ya mshipi pameandikwa unene kwa milimita, na kilo unazoweza kuvuta. Anayeanza achukue nailoni ya milimita 0.50 hivi. Hiyo inashikika vizuri mkononi.

Ndoana nazo zina namba. Hapo angalieni sana. Katika ndoana ndogo, namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Namba ikizidi, ndoana inapungua.

Tena, msinunue mshipi uliokaa juani siku nyingi. Jua hudhoofisha nailoni. Vuteni kipande kwa nguvu. Kikikatika upesi, uacheni hapo hapo dukani.

Ndugu zangu, kisomo si cheti cha kutundika ukutani. Nendeni nacho mpaka dukani.