Walinzi wa Mitandao na Jeraha Lisiloonekana



Mada niliyopewa leo yaweza kuonekana ngeni kwetu sisi wa Mpanda. Tumezoea, tunapozungumzia haki za mfanyakazi, kumfikiria kibarua wa shambani, mchimbaji wa dhahabu, au mtumishi wa nyumbani aliyenyimwa mshahara wake. Leo tunamzungumzia mfanyakazi aketiye mbele ya kompyuta, pengine katika chumba chenye kiyoyozi. Wengine watauliza: huyo naye ana taabu gani? Wahenga walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Hapana budi tuunyanyue mzigo huo kwanza, ndipo tuseme ni mwepesi au ni mzito.

Mfanyakazi huyo hayuko mbali nasi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mfuko wa fedha. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda na wa mpunga wa Mpimbwe hupokea na kutuma fedha kwa simu. Ada ya mtoto na nauli ya mgonjwa hupita huko huko. Palipo na fedha, mwizi naye hupatafuta. Kwa hiyo kuna watu wanaokesha ili fedha hizo zisiibwe, nao ni watoto wetu. Tunawasomesha kwa shida, wanakwenda Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, nasi tunajivunia kwamba wamepata kazi safi.

Kazi yenyewe ilivyo

Mlinzi wa lango hutazama lango moja. Mlinzi wa mtandao hutazama maelfu kwa wakati mmoja. Kompyuta humletea tahadhari mchana kutwa na usiku kucha. Nyingi huwa za bure, mfano wa mbwa abwekaye kivuli. Lakini hana ruhusa ya kuzipuuza, kwa maana moja miongoni mwake yaweza kuwa ya kweli. Mwizi naye huchagua saa yake, na aghalabu huchagua usiku wa manane na siku za sikukuu, ajuapo kwamba watu ni wachache kazini. Mwizi akishindwa mara mia na kufaulu mara moja, ameshinda. Mlinzi akifaulu mara mia na kushindwa mara moja, amelaumiwa.

Mwezi Julai 2023 jukwaa la serikali ya Kenya liitwalo eCitizen lilishambuliwa, na wananchi waliohitaji pasipoti, leseni na huduma nyingine wakakwama. Habari hiyo ilienea kila mahali. Lakini usiku ambao hakuna kilichoharibika hauandikwi gazetini, na aliyeukesha hashukuriwi. Tena amefungwa na siri: yale aliyoyaona kazini hawezi kumsimulia mwenzi wake wa ndoa, wala mama yake anapokuja nyumbani likizo.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliueleza uchovu wa namna hii kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa ipasavyo. Lilitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni, au kuichukia, na kupungukiwa na ufanisi. Tuangalie vema: shirika hilo limekiweka chanzo chake kazini, wala halikukiweka katika tabia ya mtu.

Kisa cha Nairobi

Kuna kundi jingine la walinzi, ambalo kazi yake ni kuzuia uovu usitufikie machoni. Hao huitwa wachujaji wa maudhui. Mtu akiweka katika mtandao picha ya mauaji, ya mtoto anayedhulumiwa, au ya mtu anayejiua, lazima mtu mwingine aitazame kwanza ndipo aiondoe. Sisi hatuioni kwa sababu yeye ameiona.

Tangu mwaka 2019 kazi hiyo ilifanyika Nairobi kwa ajili ya Facebook, chini ya kampuni iitwayo Sama, na vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa kutazama yaliyoandikwa na kupigwa picha katika lugha zao. Mwezi Februari 2022 gazeti la Time la Marekani lilieleza hali yao, na kwamba baadhi yao walipata kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyeachishwa kazi baada ya kuwaongoza wenzake kudai haki zao, alifungua kesi mwezi Mei 2022 dhidi ya Sama na ya Meta, kampuni yenye Facebook. Mwaka 2023, wengine zaidi ya 180 waliopoteza kazi nao walikwenda mahakamani. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Lakini mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa hoja hiyo.

Mwezi Desemba 2024 zilitangazwa taarifa za kitabibu zilizowasilishwa katika kesi hiyo. Daktari mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alikuwa amewapima wafanyakazi hao, na zaidi ya 140 walikutwa na ugonjwa wa kiwewe, yaani ule msongo unaobaki moyoni baada ya mtu kuona mambo ya kutisha. Ni haki kusema pia kwamba Meta ilieleza kuwa huyataka makampuni inayoyapa kazi kutoa ushauri nasaha, mafunzo na matibabu. Hukumu ni ya mahakama. Lakini hao zaidi ya mia moja na arobaini walikuwa vijana wenye elimu na afya, nao waliugua katika kazi ile ile. Je, tuseme kwamba wote walikuwa dhaifu?

Jeraha la kazi

Hilo ndilo neno ninaloomba mlichukue mwende nalo nyumbani: huu si udhaifu wa mtu, ni jeraha la kazi.

Wazee wetu wanaukumbuka mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, ambao kwa ajili yake reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950. Mchimbaji akiangukiwa na jiwe, hakuna aliyemwambia kwamba ameumia kwa sababu hana imani. Damu ilionekana, na kila mtu alijua imetoka wapi. Jeraha la moyo halitoi damu; kwa hiyo mwenye kuumia hulaumiwa, na mahali palipomwumiza hapaulizwi.

Lakini sisi wa Katavi hatuna udhuru wa kutolijua jeraha hilo. Tumeishi na ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapokelewa Katumba, na baadaye Mishamo. Wengi wao walikuwa wameona kwa macho yao yale ambayo mtu hapaswi kuyaona, na miaka mingi haikutosha kuyafuta. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mchujaji wa maudhui hakukimbia vita; vita vimeletwa mezani pake, kila siku, kwa zamu.

Tusipolitaja jeraha hili kwa jina lake, watu watalipa jina jingine. Kijana anarudi kutoka mjini. Halali, hali, anajifungia chumbani, anashtuka simu inapolia. Jirani mmoja anasema ni bangi. Mwingine anasema kijana amerogwa, na macho yanageukia nyumba ya bibi kizee mwenye macho mekundu. Katika kanda hii yetu ya magharibi twajua mwisho wa maneno ya namna hiyo: vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Hivyo dhuluma iliyoanzia ofisini mjini yaweza kumwaga damu kijijini. Kwa sababu hiyo mada hii imewahusu ninyi, wana Haki na Amani.

Yapasa nini kwa haki

Yupo atakayesema: kazi aliitaka mwenyewe, na ikimshinda aiache. Lakini kijana huyo analisha wazazi na kusomesha wadogo zake. Tena akiiacha, atawekwa mwingine mahali pake, naye ataumia vile vile. Kumbadilisha mtu hakubadilishi kazi.

Musa alipokuwa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro hakumwambia kwamba ni mvivu wala hakumwambia asali zaidi. Alimwambia kwamba mzigo ni mzito kupita nguvu za mtu mmoja, na akamshauri augawe. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha vilevile kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, isipokuwa kwa baadhi ya wenye vyeo vya usimamizi, imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma. Saa za ziada zisizozidi 50 katika majuma manne. Mapumziko ya saa 24 kila juma. Na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Pia inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Huko Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walipiga kura kuunda chama cha wachujaji wa maudhui. Mzigo uliosemwa na wengi husikika.

Basi, yatupasayo ni haya.

Kwanza, wazazi: mtoto akipiga simu, tusiulize fedha tu. Tumwulize kama analala na kama anapumzika. Asipoweza kusema siri za kazi, tusimlazimishe, tukae naye.

Pili, waajiri waamini: zamu zigawanywe kwa haki, aliyekesha apewe siku ya kulala, na anayesema amechoka asiandikwe kuwa mkorofi. Mwenye kazi ya kutazama mambo ya kutisha apate mshauri ambaye hatampelekea mwajiri siri zake.

Tatu, viongozi wa jumuiya: tusimwambie mgonjwa kwamba sala inatosha. Tusali naye, kisha tumsindikize Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Na ikilazimu, nchi yetu ina Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Anayezungumza juu ya kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja, wala asikemewe. Na neno la uchawi likianza kutajwa, tulizime siku hiyo hiyo.

Nne, vijana wenyewe: mficha maradhi, kifo humwumbua. Mjue mikataba yenu kabla ya kutia sahihi, mjiunge na vyama vya wafanyakazi, na msione aibu kumwona daktari.

Usiku wa leo, tukiwa tumelala, wako watu wanaotazama kwa niaba yetu. Haki yadai kwamba nao wapate usiku wao wa kulala.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni familia zipi zenye vijana wanaofanya kazi za zamu za usiku mijini? Tunawafuatiliaje?

2. Mtu akiugua akili kijijini kwetu, maneno ya kwanza yanayosemwa ni yapi? Nani huumizwa na maneno hayo?

3. Ni nani katika parokia yetu anayeweza kuwaelimisha vijana juu ya mikataba na sheria za kazi?