Kodi ya Mapato kwa Wanaouza Mitandaoni Kazi za Kujifurahisha

Maelezo yaliyotolewa kwa wajasiriamali wadogo, watumishi wa umma na watendaji wa kata



Mambo haya huanza kimyakimya. Mtu anafuma vitambaa jioni kwa sababu anapenda kufuma. Anapiga picha, anaiweka kwenye WhatsApp, na binamu yake aliyeko Dodoma anaagiza seti moja. Rafiki wa binamu anaagiza mbili. Miezi sita baadaye vifurushi vinapakiwa kwenye basi la alfajiri kila Ijumaa, na simu ya mfumaji inalia ujumbe wa malipo wakati yeye yuko jikoni. Hapo ndipo swali linapozaliwa: je, huyu sasa ni mfanyabiashara, na Mamlaka ya Mapato Tanzania inamhusu?

Vijiweni yako majibu mawili. Wapo wanaosema kuwa mauzo ya mtandaoni hayana kodi kwa kuwa hayana duka. Wapo wengine wanaosema kuwa hata kikapu kimoja kikiuzwa bila namba ya mlipakodi, mwenye kikapu yuko hatarini. Majibu yote mawili si sahihi, na yote mawili yamewagharimu watu. Jibu la kwanza limewafanya wengine wakae na deni wasilolijua. La pili limewafanya wenye vipaji wafiche kazi zao kana kwamba wanauza magendo.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, iliyotungwa mwaka 2004, inatoza mapato yanayotokana na ajira, biashara au uwekezaji. Haiulizi bidhaa imeuzwa wapi. Gengeni, mnadani, Instagram au kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, hesabu ni ile ile. Kinachoulizwa ni kama shughuli yenyewe ni biashara, na hapa watunga sheria walifanya jambo la busara ambalo wananchi wengi hawalijui. Katika tafsiri ya neno “biashara” waliiweka nje shughuli ambayo, ukitazama asili yake na kazi kuu ya mwenye nayo, haifanywi kwa nia ya kupata faida. Kwa maneno mengine, shughuli ya kujifurahisha inatambulika kisheria, na anayeifanya kwa moyo huo hadaiwi kodi ya biashara.

Mwalimu anayepanda maua nyumbani, akazidiwa na miche, akawauzia majirani kwa bei ya mifuko na mbolea, yuko ndani ya ulinzi huo. Vivyo hivyo familia inayohama na kutangaza sofa, kitanda na jokofu lililotumika. Hapo hakuna biashara. Ni vyombo vya nyumbani vinavyobadilisha mwenyewe, na kwa kawaida vinauzwa kwa bei ya chini kuliko iliyonunuliwa. Lakini tafsiri hiyo hiyo ya biashara inagusa pia jambo la mara moja lenye sura ya kibiashara. Anayenunua simu ishirini zilizotumika kwa lengo la kuziuza kwa faida, hata kama hatarudia tena, hawezi kusema alikuwa akijifurahisha.

Sheria haikutaja idadi ya vitambaa inayomgeuza mfumaji kuwa mfanyabiashara. Zinatazamwa dalili. Je, anauza mara kwa mara? Ananunua nyuzi kwa ajili ya oda ambazo bado hazijaja? Bei yake inazidi gharama ya vifaa na kumlipa jasho lake? Anajitangaza? Mwenye ukurasa wenye picha sabini na maneno “bei njoo inboksi” chini ya kila picha atapata taabu kueleza kuwa hana nia ya faida. (Na hiyo bei ya kujificha, kwa hakika, inawakera wateja kuliko inavyomsaidia muuzaji.)

Sasa kwa aliyekwisha kuvuka na kuwa mfanyabiashara, habari si mbaya kama inavyosimuliwa. Kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 100,000,000 kwa mwaka, upo utaratibu mwepesi unaotazama mauzo badala ya faida, ambao wengi wanauita makadirio. Viwango vinavyotajwa hapa ni vya jedwali la Sheria kama lilivyosomeka mwaka 2024. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka mwezi Juni, kwa hiyo ifikapo Julai ni vyema kuuliza upya.

Mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka yana kodi sifuri. Hayo ni kama shilingi 333,000 kwa mwezi, au pungufu kidogo ya 11,000 kwa siku. Wengi wa wanaouza kazi za mikono mitandaoni wako chini ya mstari huo na wanaogopa bure. Ndio mstari uliotumika pia kwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018, ingawa kitambulisho kile si namba ya mlipakodi na hakichukui nafasi yake.

Juu ya milioni nne, daftari linaanza kuwa na thamani ya fedha taslimu. Mwenye mauzo ya zaidi ya milioni nne hadi milioni saba, akiwa hana kumbukumbu, analipa shilingi 100,000. Akiwa na kumbukumbu, analipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni nne. Chukuliwe mfumaji aliyeuza vitambaa vya shilingi 4,500,000. Bila daftari anadaiwa 100,000. Kwa daftari anadaiwa 15,000. Tofauti ni shilingi 85,000, na daftari lenyewe linanunuliwa dukani kwa bei ya soda mbili tatu. Katika ngazi inayofuata, ya zaidi ya milioni saba hadi milioni kumi na moja, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye nazo analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni saba. Kwa mauzo ya 9,000,000 hiyo inakuwa 150,000. Anayezidi milioni kumi na moja afike ofisi ya TRA apewe hesabu yake, maana huyo pia anaingia kwenye mambo ya mashine za risiti za kielektroniki, ambayo hayatoshi kuelezwa hapa kwa sentensi mbili.

Lipo jambo ambalo waoka keki hasa wanapaswa kulisikia. Kodi ya makadirio inatozwa kwenye mauzo, na mauzo siyo fedha iliyobaki mfukoni. Keki ya shilingi 40,000 inaweza kumeza unga, mayai, siagi, sukari na gesi ya 28,000. Keki mia moja na hamsini kwa mwaka ni mauzo ya 6,000,000, lakini faida ni 1,800,000 tu. Kwa makadirio, mwenye kumbukumbu atalipa 60,000. Sheria inamruhusu mtu kujitoa kwenye utaratibu huu na kutozwa kwa faida, ambapo mtu binafsi mkazi hadaiwi kodi kwa mapato ya hadi shilingi 3,240,000 kwa mwaka. Kwa karatasi, basi, mwoka keki huyu angelipa sifuri. Kwa vitendo atahitaji hesabu kamili na ritani ya mapato, na akimkodi mtu wa kumwandalia, ujira wake unaweza kuzidi hizo 60,000. Kujitoa kunamfaa zaidi mwenye mauzo makubwa na faida nyembamba kuliko huyu wa keki mia moja na hamsini.

Watumishi wa umma na wa sekta binafsi wasikilize kwa makini zaidi, kwa sababu wengi wanaouza mitandaoni baada ya saa za kazi ni walimu, wauguzi na makarani. Utaratibu wa makadirio uliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye mapato yake ya mwaka yametokana na biashara peke yake, tena biashara yenye chanzo ndani ya Jamhuri ya Muungano. Mwenye mshahara hana sifa hiyo. Kodi inayokatwa kwenye mshahara wake kila mwezi inahusu mshahara. Haifuniki faida ya vikapu. Faida hiyo inajumlishwa juu ya mshahara na kutozwa kwa kiwango cha ngazi aliyomo. Mtumishi ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni 800,000 kwa mwezi yuko kwenye ngazi ya asilimia 25. Akipata faida ya wastani wa 100,000 kila mwezi, kodi yake ni 25,000 kwa mwezi, sawa na 300,000 kwa mwaka. Ni kubwa kuliko ya jirani yake asiye na ajira anayeuza vikapu vile vile, na wengi huona si haki. Lakini hivyo ndivyo kodi ya mapato ya watu binafsi ilivyojengwa: kila shilingi mpya inakaa juu ya zilizotangulia. Anayesema “mimi nimeshakatwa” amesema kweli nusu, na ni heri aulize mapema kuliko kuulizwa.

Liko pia tatizo la simu. Karibu mauzo yote haya yanalipwa kwa M-Pesa, Airtel Money na huduma nyinginezo, na laini ni moja kwa kila kitu. Humo unaingia mchango wa harusi ya mpwa, ada iliyotumwa na kaka, mkopo wa kikoba na malipo ya batiki. Siku taarifa ya miamala ikiwekwa mezani kama ushahidi, ni mwenye simu anayetakiwa kueleza kipi ni mauzo na kipi siyo. Mchango wa harusi siyo mapato ya biashara, ila unaonekana sawasawa na malipo ya batiki usipoandikwa. Laini ya pili, au Lipa Namba kwa ajili ya biashara tu, inaondoa taabu hiyo. Na daftari linalotosha ni jepesi: tarehe, aliyenunua, kilichouzwa, kiasi kilichopokelewa, na upande wa pili vifaa vilivyonunuliwa pamoja na risiti zake. Kumbukumbu hizo zitunzwe kwa miaka mitano.

Wapo pia wanaolipwa na wenye maduka kwa kutengeneza video za matangazo. Hayo ni malipo ya maudhui ya kidijiti, na tangu tarehe 1 Julai 2024 mlipaji anatakiwa kuzuia asilimia 5. Yasichanganywe na mauzo ya bidhaa.

Kuhusu Halmashauri, ieleweke wazi kuwa kodi ya mapato haikusanywi nayo; inakwenda TRA. Halmashauri inahusika na leseni ya biashara, inayoombwa kupitia mfumo wa TAUSI, pamoja na ushuru wake kwa mujibu wa sheria na sheria ndogo. Stakabadhi ya mmoja haimwondolei mtu wajibu kwa mwingine. Na ni Halmashauri hiyo hiyo inayotenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanaochambua maombi wanataka kuona biashara inayoonekana. Kikundi cha wafumaji walioficha mauzo yao miaka mitatu hakina cha kuonyesha, hata kama kazi zao zimefika Muscat.

Namba ya mlipakodi hutolewa bure, na anayedai fedha kwa ajili yake anatapeli. Inatakiwa iombwe ndani ya siku kumi na tano tangu biashara kuanza. Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na asiyekubaliana na kiasi alichoandikiwa ana siku thelathini tangu apokee taarifa ya makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Anayeacha kuuza, akarudi kufuma kwa ajili ya watoto wa dada yake tu, aiandikie TRA kuwa amesitisha. Wengi hawafanyi hivyo, na makadirio yanaendelea kuandikwa kwa majina yao.