Kosa Linalohamahama



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kompyuta serikalini. Nitasema jambo moja tu, maana chakula kinanukia.

Nchi hii iliwahi kuitilia kompyuta shaka kubwa. Hazina ilipata ya kwanza mwaka 1965, na ilipofika 1974 serikali ikazuia kuziingiza nchini. Siku hizi tumeangukia upande wa pili: kompyuta ikikwama, wa kulaumiwa ni mtu.

Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kijana aliyekuwa chini yangu aliandika programu ya kutunza kumbukumbu za watumishi. Programu hiyo ilibidi ipite kwa kompaila, yaani mtafsiri anayeigeuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila ikawa inakufa katikati ya kazi. Wakubwa wakasema kijana hajui kazi. Barua ya kutomthibitisha ilikwisha chapwa, ilingoja sahihi tu.

Nikamwuliza: inakufia wapi? Akafungua daftari. Mara ya kwanza ilifia faili la tatu. Akairudia bila kubadili hata herufi, ikalipita hilo, ikafia la kumi na tisa. Mara ya tatu ikafika mwisho salama! Basi, vijana, kosa la mwandishi hukaa mahali pake. Utalikuta mstari ule ule hata ukirudia mara mia. Hili lilikuwa linahamahama.

Mtauliza, mbona mashine hiyo hiyo ilichapa barua bila taabu? Barua hutumia nafasi ndogo. Kompaila hujaza RAM kwa maelfu ya anwani, moja ikielekeza kwenye nyingine, na kila anwani ni mfululizo wa sifuri na moja. Sifuri moja ikigeuka kuwa moja, mtafsiri hutumwa kwenye nyumba isiyokuwapo, na mfumo humfukuza papo hapo.

Tulianza na vumbi, ambalo watu wa Shinyanga hamhitaji kuelezwa. Tukatazama feni, kwa kuwa joto huleta ugonjwa huo huo, na umeme unaoyumba pia. Halafu tukaiacha Memtest86 ipime RAM usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Vibao vya RAM vilikuwa viwili: tukachomoa kimoja, tukapima, tukakirudisha, tukachomoa cha pili. Ukibadili vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya. Kibao kibovu tukakihamishia tundu jingine, maana huenda tundu ndilo mgonjwa. Makosa yakakifuata huko huko.

Lakini RAM safi si cheti cha uzima. Mwaka 2017 watumiaji wa Linux waliona kompaila zikianguka ovyo kwenye baadhi ya prosesa mpya za Ryzen. Shina lilikuwa prosesa yenyewe. Kampuni ya AMD ilikubali kuwa tatizo lipo, ikawabadilishia waliolalamika.

Kijana wetu alithibitishwa, na kibao kipya kikanunuliwa kwa fedha ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kumjadili.

Mwalimu wenu ameniambia kuna kompyuta mbili humu shuleni zinazojizima zenyewe. Kesho asubuhi nitakuwapo. Njooni na daftari, kitambaa kikavu na ufutio wa kusugulia miguu ya RAM.