Bunduki Hula Nini? Vita vya Sheikh Mbaruk wa Gazi, 1895–1896



Msomi mwenzangu aliwahi kunikatiza kikaoni. “Mbaruk alikuwa na magobori,” akasema, “Waingereza walikuwa na bunduki za rashasha za Maxim. Hapo pana la kujadili?” Lipo, nami nimelichukua moyoni hadi leo.

Chanzo cha vita mnakijua: ugomvi wa urithi wa uongozi wa Takaungu, Kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ikamuunga mkono Rashid bin Salim, Sheikh Mbaruk bin Rashid akaupokea upande wa pili hapa Gazi. Nisikawie hapo.

Tuzitazame tarehe. Mwele, ngome ya Sheikh ndani ya msitu, ilitekwa na Admeri Rawson wa Uingereza tarehe 17 Agosti 1895. Kama Maxim ndiyo iliyoamua, vita vingekwisha jioni ile. Viliendelea kwa miezi minane. Ilibidi kikosi cha Wabaluchi kiletwe kutoka India mwezi Machi 1896, na Aprili ndipo Sheikh alipovuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Maxim hupiga kinachoonekana, na msituni kinachoonekana ni majani.

Wala bunduki bora pekee haitoshi kushinda vita. Juni 1876, kule Little Bighorn, Marekani, askari wa serikali chini ya kamanda Custer walikuwa na bunduki za Springfield za risasi moja moja. Miongoni mwa wapinzani wao, Walakota na Wacheyenne, walikuwamo wenye Henry na Winchester za kufyatua mfululizo, na siku ile ikawa yao. Mwaka haukutimia, Mei 1877, Crazy Horse, kiongozi wa Walakota, akasalimu amri. Watu wake walikuwa na njaa.

Nakubali kwamba aina ya bunduki ina uzito. Marehemu mjomba wangu alikuwa na gobori la kufukuzia nyani shambani. Alilisimamisha, akamimina baruti, akashindilia makumbi ya nazi kwa mdeki, akatia vipande vya chuma, akashindilia tena. Nyani walimsubiri kwa utulivu. Bunduki ya Snider ilifuta kazi hiyo yote. Mmarekani Jacob Snider aliifungua Enfield ya zamani upande wa nyuma, na tangu 1866 askari wa Kiingereza akaweza kuijaza akiwa amelala chini, mara kumi kwa dakika. Askari wa Sultani wa Unguja waliofunzwa na afisa Mwingereza Mathews walipewa bunduki hizo.

Lakini Snider hula viasi, yaani risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake kwenye ganda, na viasi hutoka kiwandani. Gobori hula chochote alichonacho fundi wa kijijini. Ndiyo maana waraka ninaouthamini kuliko wote katika habari hii haukuandikwa Mombasa wala Unguja. Ni mkataba wa mataifa uliotiwa saini Brussels, tarehe 2 Julai 1890. Nimeusoma mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi ulivyopimwa kwa makini. Unachora ukanda wa Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, kisha ndani yake unazitenga bunduki. Ya gumegume, yenye mtutu usiochongwa mikondo, pamoja na baruti ya kawaida, yaweza kuuzwa kwa kibali. Yenye mikondo, pamoja na viasi vyake, ni marufuku isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilistahili kukomeshwa. Hata hivyo, mikononi mwa serikali yenyewe silaha hizo hazikuguswa.

Mwenzangu atasema magendo yalikuwapo. Yalikuwapo, naam. Ila bunduki ya magendo iliyokwisha viasi ni rungu ghali. Nimepima hoja zake zote, na bado nasimama pale pale: miaka mitano kabla ya Mwele, njia ya viasi ilikuwa imeanza kufungwa kwa kalamu. Miezi minane ya msituni, naamini, ililishwa zaidi na vitu kama vile vya mjomba: baruti, makumbi, vipande vya chuma.

Wanafunzi wangu, mkiiona bunduki kuukuu kwenye dari ya mzee, msianze kuuliza ilipiga umbali gani. Ulizeni ilikula nini, na nani alikuwa akiipakulia.