Mbwa wa Mbio Mbele ya Daktari

Msikilizaji, nchini Uingereza mbwa wa mbio aina ya Greyhound, wanapostaafu mashindano, wengi huchukuliwa na watu wakafugwe majumbani. Mbio zimekwisha, lakini mwili umebaki wa mkimbiaji, na wafugaji wazoefu huwatahadharisha wageni: chembe nyekundu za damu ya mbwa huyu ni nyingi, chembe za kugandisha damu ni chache, na homoni ya tezi ya shingoni huwa chini hata akiwa mzima. Daktari asiyeyajua hayo huenda akamtibu maradhi asiyokuwa nayo. La kutisha zaidi ni dawa ya usingizi. Thiopentali, iliyotumika sana zamani, huchelewa mno kumtoka mwilini. Hivyo mgeni huhimizwa aulize, kabla ya sindano, ni dawa gani iliyomo.