Kuchagua Samaki Wanaopatana katika Tangi Moja

Mada yetu ya leo huonekana ndogo machoni pa wengi, lakini huwagharimu walaji fedha na huwagharimu viumbe uhai: namna ya kuchagua samaki wa mapambo watakaoishi pamoja katika tangi moja la kioo. Mtu akinunua redio mbovu, huirudisha dukani na ubovu wake huonekana. Akinunua samaki wasiopatana, ushahidi huliwa usiku, na asubuhi hubaki samaki mmoja aliyeshiba. Mnunuzi hudhani amekosea kubadilisha maji, hurudi dukani kununua wengine, na hasara hujirudia.

Chanzo cha hasara hiyo ni kwamba wengi wetu huchagua kwa rangi. Tunataka mwekundu mmoja, wa buluu mmoja na wa manjano mmoja, kana kwamba tunachagua vitambaa. Lakini samaki aliye ziwani akifukuzwa na mwenzake huogelea mbali. Aliye katika tangi la lita 60 hana pa kwenda. Majirani wake wote amechaguliwa na mnunuzi, naye hawezi kuhama. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza bei, tunawasihi mwulize mambo manne: maji, ukubwa, tabia na chakula.

Tuanze na maji. Samaki wote wa maji baridi si wa maji ya namna moja. Samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China, hustawi katika maji ya nyuzi joto 18 hadi 22 za Selsiasi. Beta, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu atokaye Thailand, huhitaji nyuzi 24 hadi 28. Ukiwaweka pamoja, mmoja wao atateseka daima. Vilevile joto la Pwani ni mzigo kwa samaki wa dhahabu, na baridi ya Njombe au Mbeya ni mzigo kwa beta, isipokuwa tangi liwe na kifaa cha kupasha maji.

Mbali na joto, kuna hali ya maji yenyewe. Tetra neoni, samaki mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, hutoka katika bonde la mto Amazon, ambako maji ni laini na yana uchachu kidogo. Samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wamezoea maji magumu yasiyo na uchachu. Katika Ziwa Tanganyika kipimo cha pH hukaribia 9. Samaki hao wa maziwa yetu, wa jamaa moja na perege, husafirishwa na kufugwa katika nyumba za Ulaya na Marekani, nao wafugaji wa huko hutengeneza maji yanayofanana na ya ziwa kwa ajili yao. Itakuwa ajabu sisi wenye ziwa tukiwachanganya na samaki wa Amazon kwa kuwa tu rangi zao zinalingana.

Jambo la pili ni ukubwa. Samaki dukani karibu wote ni wachanga. Oska mwenye urefu wa sentimita 5 leo atafika sentimita 30. Pleko, ambaye huuzwa kwa sifa ya kusafisha kioo, huweza kufika sentimita 40, naye huchafua maji kuliko anavyoyasafisha. Kwa hiyo usiulize, "Ana ukubwa gani?" Uliza, "Atafika ukubwa gani?" Kanuni ya kukumbuka ni hii: samaki anayeweza kuingia mdomoni mwa mwenzake, siku moja ataingia. Hilo si ukatili wa samaki mkubwa. Huko Ziwa Tanganyika frontosa, samaki mpole kwa sura na mwenye nundu kichwani, hula samaki wadogo, naye atafanya vivyo hivyo sebuleni kwako.

Jambo la tatu ni tabia. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na msemo huo unawafaa beta dume wawili kabisa: watapigana hadi mmoja afe. Wapo samaki ambao kosa ni kuwaweka wapweke. Tetra neoni huishi kwa kundi. Chini ya sita huwa na hofu, hujificha na kudhoofika. Gapi dume humsumbua jike bila kupumzika, hivyo kwa kila dume pawe na majike wawili au watatu. Na ajuaye hataki vifaranga anunue madume peke yao, kwani jike wa gapi atokaye dukani mara nyingi tayari ana mimba, na anaweza kuzaa makumi ya vifaranga takriban kila mwezi. Mbuna wa Ziwa Nyasa hulinda jiwe lake kama mtu alindavyo kiwanja chake. Tangi lake liwe kubwa, lenye mawe na mapango mengi, na lisichanganywe na samaki wapole wenye mapezi marefu.

Jambo la nne ni chakula, nalo ndilo husahauliwa zaidi. Mbuna wengi hukwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu kama wa wanyama walao majani. Wakilishwa vyakula vizito vya nyama kila siku, huvimba tumbo na kufa. Oska huhitaji chakula chenye nyama. Ukiwaweka pamoja, mlo unaomnenepesha mmoja utamwua mwingine, hata kama hawajawahi kugusana.

Je, mwenye tangi dogo afuge nini? Kwa tangi la lita 60 na maji ya bomba yenye ugumu wa kadiri, gapi wachache pamoja na konokono wa majini ni mwanzo mzuri: joto lao ni moja, maji yao ni yaleyale, na hakuna amezaye mwenzake. Tangi kama hilo si la kifahari, lakini baada ya miezi sita litakuwa bado na uhai.

Sasa tuje dukani. Muulize muuzaji jina kamili la samaki, ukubwa atakaofikia, joto la maji yake, na aina ya samaki asioweza kukaa nao. Omba aonyeshwe akilishwa. Samaki mzima hukimbilia chakula. Mwenye madoa meupe kama chembe za chumvi, au aliyebana mapezi na kupumua juu juu, mwache, na waache pia waliomo katika tangi lile. Uliza mapema kama duka hupokea samaki aliyeshindwa kupatana na wenzake. Dai risiti iliyoandikwa jina la samaki, si neno "samaki" tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Lakini mlaji asiye na risiti wala jina la bidhaa aliyoinunua ni vigumu kuthibitisha kwamba alipotoshwa.

Ukifika nyumbani, usiwe na haraka. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 ili viumbe vidogo vinavyosafisha uchafu wa samaki viote katika kichujio. Anza na samaki wachache wenye nguvu, kisha ongeza kidogo kidogo. Kila mgeni akae kwanza katika chombo cha peke yake kwa wiki 2 au zaidi, ili ugonjwa wake usienee. Anapoingia tangini, panga mawe upya ili wenyeji nao waanze kutafuta makao pamoja naye, kisha mtazame kwa siku kadhaa. Pezi lililochanika, samaki anayejibanza pembeni, au asiyekuja kula, ni dalili za ugomvi. Mtenge siku hiyo hiyo.

Na ikishindikana kabisa, mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usimwachie mtoni wala ziwani. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo waliokuwa humo tangu kale wametoweka. Uvuvi wake umeleta kipato kikubwa, lakini waliotoweka hawakurudi. Gugumaji nalo, asili yake Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, na leo linaziba bandari na kunasa nyavu. Ziwa nalo ni makao ya majirani wengi, na huko hakuna mtu anayeweza kuingiza mkono na kumtenga mgomvi.

Ndugu wananchi, hatusemi haya ili kuwaogopesha mliotamani uzuri wa samaki nyumbani. Tunasema ili fedha yenu inunue uzuri utakaodumu. Kuuliza si ujinga, na muuzaji mwaminifu hachukii maswali. Anayekuambia kwamba samaki wote hupatana, mwachie samaki wake, nenda duka la pili.