Gundi ya Tyubu Mbili na Injini Inayovuja

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Buguruni)



Leo hatutasoma hadithi. Tutazungumza juu ya gundi. Siyo ile ya kubandikia bahasha. Ni ile gundi ya tyubu mbili inayoshika chuma.

Wengi wenu mnaijua. Ukipita Barabara ya Uhuru au Barabara ya Mandela utawaona mafundi wamelala chini ya magari, wanaipaka. Wengine huiita kwa jina la kibiashara, Araldite, jina lililoanza kuuzwa mwaka 1946. Jina lake la kitaalamu ni epoksi. Mmoja wa watu walioivumbua, katika miaka ya 1930, ni Pierre Castan, mkemia wa Uswisi. Yeye alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia! Leo inaziba injini.

Sasa tuwaambieni kwa nini tumechagua jambo hili. Mnakumbuka pikapu ya kikundi chetu. Tulikuwa watu 14, tuliweka akiba miaka miwili, tukanunua pikapu kuukuu ya kubebea matunda kutoka Kisarawe hadi soko la Buguruni. Siku moja iligonga jiwe. Sampo ikapata ufa. Sampo ni ile bakuli iliyo chini ya injini, inayokaa oili. Ya gari letu ilikuwa ya alumini, na alumini haichomelewi na kila fundi. Fundi akasema, "Nitaziba kwa gundi, lakini gari lilale hapa mpaka kesho."

Sisi tukakataa. Wakulima walikuwa wamekwisha kata mananasi. Tukamwambia, "Fundi, mzigo utaoza." Tulimsukuma mpaka akakubali. Alifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akapaka gundi, tukangoja saa moja. Tukajaza oili, tukaondoka.

Tulipopita Ukonga, taa nyekundu ya oili iliwaka. Dereva akasema tumekaribia. Hatukumzuia. Kabla ya kufika Pugu injini ilinoki. Beringi zilikauka oili, zikasagika. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka hapa. Mama mmoja wa kikundi, ambaye fungu lake lilikuwa ada ya mtoto wake, hakusema neno. Aliketi juu ya tenga tupu tu.

Kosa lilikuwa letu, siyo la gundi. Tulipofungua sampo, gundi ilibanduka nzima kama ganda la yai. Chini yake oili ilikuwa inang'aa. Gundi ilishika oili, haikushika alumini.

Basi tuseme jinsi inavyofanya kazi. Tyubu moja ni gundi yenyewe. Ya pili ni dawa ya kugandisha. Zikiwa mbalimbali hazigandi. Zikichanganywa, zinashikana na kuwa kitu kimoja kigumu. Hii haikauki kama rangi. Rangi hukauka kwa sababu maji au tina inaruka hewani. Epoksi hugeuka yenyewe kwa ndani. Kwa hiyo ukizidisha dawa ili igande upesi, unaharibu. Dawa iliyozidi haina mwenzake wa kushikana naye. Inabaki humo humo, na gundi inakuwa laini.

Mzee mmoja hapa alituuliza juzi, "Mwalimu, maandishi ya kiboksi ni Kiingereza. Sisi tumesoma Kiswahili. Tutajuaje?" Ni swali zuri. Lakini namba hazina Kiingereza, Mzee wetu. Tazameni ubaoni.

Ukiona 1:1, maana yake sehemu moja ya tyubu hii kwa sehemu moja ya tyubu ile. Ukiona 24 h, ile h ni saa. Saa 24, yaani leo mpaka kesho wakati kama huu. Ukiona 5 min, hizo ni dakika. Na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Dakika 5 siyo muda wa kupona. Ni muda wa gundi kuanza kuganda mkononi mwako. Nguvu zake kamili huja baadaye sana, na aina hiyo ya haraka mara nyingi haipendi joto.

Joto nalo huandikwa. Tafuteni kiduara kidogo juu na herufi C. Maji ya injini iliyopata moto hufika karibu nyuzi 90 za C. Oili hupita hapo, hufika 100 na zaidi. Gundi nyingi za kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hadi 80. Kwa hiyo kwenye injini tunatafuta ile iliyochanganywa na unga wa chuma, na kiboksi kiseme 150 au zaidi. Lakini angalieni ile herufi! Ikiwa ni F, hicho ni kipimo kingine. Nyuzi 300 za F ni kama 150 tu za C.

Baada ya kusoma ndiyo tunashika kazi. Oili imwagwe yote na sampo ifunguliwe. Ikiwezekana ilale usiku mzima imeinama, maana oili hujificha ndani ya ufa na kutoka polepole. Oshea tina au asetoni, kwa kitambaa safi, mara tatu au nne, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Dizeli haifai, inaacha mafuta. Kisha toboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili ufa usiendelee kutembea. Kwangua kwa msasa mbaya mpaka chuma kikwaruzike, upana wa vidole viwili kila upande. Gundi haipendi mahali panapong'aa. Osha tena. Usiguse kwa kidole, kwa sababu hata jasho ni uchafu, na jasho hapa kwetu Dar es Salaam mnalijua.

Changanya kidogo kidogo. Donge kubwa hupata moto lenyewe na kuganda kabla hujapaka. Sukuma gundi ndani ya ufa, kisha panda juu yake. Halafu acheni! Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kuna mahali ambapo hatuiweki kabisa. Kwanza breki, mabomba yake na silinda zake. Pia bomba la moshi, joto lake linapita mamia ya nyuzi. Bomba la petroli nalo hapana, likivuja libadilishwe. Na ufa ulioingia ndani ya silinda, pale mafuta yanapolipuka, hauzibwi kwa gundi. Rejeta yenye tundu dogo unaweza kuiziba ikufikishe nyumbani. Lakini msifungue mfuniko wake ikiwa ya moto, maji yatawaunguza uso. Na daladala inayobeba watu, gundi ni ya kuifikisha gereji, si ya kuendea Mbagala kila siku.

Kuhusu mikono. Dawa ya kugandisha huwasha ngozi, na mtu akizoea kuigusa anaweza kupata upele usiokwisha. Vaeni glavu, au hata mfuko wa nailoni. Ikigusa ngozi, osheni kwa sabuni na maji, siyo kwa tina wala petroli. Tyubu zifungwe zisichanganye mifuniko, na zikae mbali na watoto.

Pikapu yetu bado iko uani. Fundi ameahidi kututafutia injini kuukuu Gerezani, nasi tunachanga upya. Wamebaki wenzetu tisa. Jumatano ijayo, saa kumi jioni, fundi mwenyewe atakuja hapa na ile sampo iliyopasuka. Tutaiziba pamoja, na tutaijaza oili siku ya Ijumaa, siyo kabla. Kila mmoja aje na kipande cha msasa, kitambaa safi na daftari. Mama wa ada amesema yeye ndiye atakayeandika saa.